Kinyonga na Haki ya Mgeni

Ng'ombe akiugua, mwenyewe hujua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Hali, hacheui, manyoya yamesimama, masikio yamelala. Nguruwe akiumia hupiga kelele zikasikika hadi ng'ambo ya Mto Malaba. Kazi yangu ni kutibu mifugo, na njia zangu ni hizi za Matayos, Nambale, Amukura na Angurai, nchi ya mbung'o na ugonjwa wa nagana. Kila boma ninaloingia namkuta mtu wa kunieleza mnyama wake ana shida gani, kwa kuwa mnyama mwenyewe amekwisha kulalamika. Siku ya Jumapili nasimama kanisani kusoma neno, na mara nyingine kuhubiri. Kazi hizi mbili, ya wiki na ya Jumapili, zimenifikisha kwenye swali moja ambalo sasa silali bila kuliwaza. Je, huruma hudaiwa pale tu inapoombwa? Mbele ya Mungu nina deni gani kwa kiumbe asiyejua kuomba, asiyenipenda, na ambaye jamii yangu imefundishwa tangu utotoni kumwogopa?

Kiumbe huyo ni kinyonga. Nilikutana naye kwa karibu mtaani Burumba, mjini Busia, nilipoitwa kumtibu nguruwe wa bibi mmoja. Mjukuu wake, kijana wa gredi ya sita, alikuwa amemtoa kinyonga kwenye ua wa lantana wakati wa kufyeka akamfanya wake. Alikuwa mdogo, kiwiliwili hakizidi urefu wa kidole changu cha kati kwa kiasi kikubwa, mwenye mstari mweupe ubavuni, wa aina ambayo wataalamu huiita kinyonga wa Elliot. Aina hii inapatikana magharibi mwa Kenya na ng'ambo Uganda, na majike yake hayatagi mayai, huzaa watoto walio hai.

Bibi hakumtaka. Nilipokuwa nikinawa mikono aliniambia, "Daktari, ukimaliza na huyo nguruwe, mwambie mjukuu wangu atoe hicho kitu. Siwezi kulala nacho nyumba moja."

"Kwani kimekukosea nini, kukhu?" Kukhu ni bibi kwa lugha ya huku.

"Kilituletea kifo, mwanangu. Au nyinyi mliosoma hamkusimuliwa?"

Nilisimuliwa. Wabukusu, majirani zetu wa upande wa Bungoma, wanayo hadithi hii waziwazi, na Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluhya katika miaka ya 1930, aliiandika kitabuni. Zamani watu hawakufa. Jioni moja mwana wa mtu aliyeitwa Maina alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anakula. Kinyonga akaja, akaomba chakula. Akanyimwa. Akaomba tena na tena, hadi yule mtu akachoka naye, akamfukuza. Kinyonga akaondoka akiwa ametamka laana kwamba tangu siku hiyo watu watakufa. Kisha akaenda kwa nyoka, akaomba vilevile, na nyoka akampa kwa moyo mweupe. Kinyonga akambariki, na ndiyo maana nyoka akizeeka hujivua gamba akaendelea kuishi, hafi mpaka auawe.

Kusini mwa Afrika hadithi ina sura nyingine. Wazulu husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga na habari za uzima, naye akakawia njiani, mjusi akamtangulia na habari za kifo. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyefundisha Makerere, alimtaja kinyonga huyu mjumbe katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Huko kinyonga ana lawama ya uzembe. Huku kwetu hana hata hiyo.

Hadithi ya Maina nimeona ikitumiwa kuhalalisha mawe. Watoto wakimwona kinyonga njiani humponda, na mtu mzima akipita husema ni sawa, huyo ndiye aliyetulaani. Lakini tuisikilize kama wazee walivyoiweka. Kinyonga hakuja kuiba wala kuuma. Alikuja jioni, saa ya chakula, akasimama mbele ya mtu anayekula, akaomba. Kwa desturi zetu za huku, mtu akikukuta unakula, hata kama ni adui, unanawa naye mikono. Aliyevunja desturi ni mwenye sahani. Wazee hawa walipojiuliza kwa nini tunakufa, hawakusema ni kwa sababu ya vita, wala uzinzi, wala wizi. Walisema ni kwa sababu mtu mmoja alimfukuza mgeni mdogo kabisa, mgeni asiye na haiba, aliyekuja taratibu na kuomba kidogo. Sijui hukumu kali kuliko hiyo juu ya ukosefu wa huruma kwa wanyama, na haikutoka Ulaya. Imetoka hapa.

Nilimwambia bibi hivyo. Hakujibu mara moja, bali kijana alidakia, "Mimi nimempa chakula, kukhu. Nimempa ugali."

Hapo ndipo nilipochuchumaa kumtazama vizuri. Alikuwa ndani ya kreti ya soda iliyofunikwa kwa waya wa kuku, kwenye sakafu ya baraza, mahali ambapo kuku, mbwa na miguu ya watu hupita. Kulikuwa na maji ndani ya kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kasuku na makombo ya ugali kando yake. Hakuna tawi, hakuna jani. Jua la saa sita lilimpiga upande mmoja. Rangi yake ilikuwa nyeusi ya masizi, hata mstari wa ubavuni ulikuwa umefifia. Macho, ambayo kwa kinyonga mzima hayatulii, kila moja likizunguka kivyake, yalikuwa yamefumbwa mchana kweupe, nayo yamebonyea ndani kidogo. Nilipokaribiza mkono aliyafumbua, akajipapasa hadi pembeni, akajibana ubavu kuwa bapa, akafungua kinywa na kutoa pumzi kali. Ncha ya pua ilikuwa imechubuka kwa kusukuma waya. Mavi yake yalikuwa makavu, na ile sehemu ya mkojo, ambayo huwa nyeupe, ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Watoto wa jirani walikuwa wamemzunguka na vitambaa. Walimweka juu ya kitambaa chekundu wakisubiri awe mwekundu, kisha juu ya manjano. Kila alipozidi kuwa mweusi walishangilia kwamba ameanza. Hawakuwa watoto wabaya, walikuwa na furaha tele. Walichokishangilia kilikuwa hofu, na hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha kuisoma.

Mwenye kinyonga nyumbani, popote alipo, aanzie kwenye dalili hizi. Weusi unaodumu. Macho yaliyofumbwa mchana. Macho yaliyobonyea, na mkojo wa chungwa, ambavyo ni kiu. Kinywa wazi, ambacho kinaweza kuwa onyo na kinaweza kuwa joto kupita kiasi. Kujipanua ubavu na kuyumba. Kukwaruza kuta bila kukoma, kwa kutafuta njia ya kutoka. Kugeuka na kujificha nyuma ya kijiti kila mtu anapopita. Kukataa wadudu aliokuwa akiwala jana. Hakuna dalili inayosimama peke yake. Asubuhi na mapema kinyonga mwenye afya huwa mweusi pia, anageuza ubavu kulielekea jua ili apate joto upesi, na macho yake yako wazi, yanazunguka, mwili umetulia. Usiku akilala hupauka, na wengi wakimmulika kwa tochi hudhani ni mgonjwa kumbe amepumzika. Anayetaka kumwelewa hana budi kujua saa, joto, nani amepita karibu, na jana alikuwaje. Kazi hiyo yote ni ya kumfikiria yeye, na mtu anayejifikiria mwenyewe hawezi kuifanya.

Sayansi imetuondolea uongo mmoja mkubwa juu ya ngozi hii. Mwaka 2008 Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli, waliochunguza vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, walionyesha kwamba uwezo wa kubadili rangi ulikua zaidi kwa ajili ya kupashana habari kuliko kujificha. Mwaka 2014 Russell Ligon aliandika kuhusu vinyonga wa Yemeni kwamba anayeshindwa katika ugomvi hujitia giza, na kwa giza hilo humwambia mshindi kwamba amesalimu amri, asiendelee kumpiga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakimchunguza kinyonga wa Madagaska, waligundua ndani ya ngozi tabaka la fuwele ndogo mno. Akiwa ametulia zimekaribiana, akichachamaa huachana, na mwanga unaorudi kutoka kwao hubadilika. Kitambaa chekundu hakina kazi yoyote hapo.

Nayatafakari haya kila msimu wa siasa, tunapowaita kinyonga wale wanaohama vyama na kugeuza maneno. Tumemfanya mnyama huyu mfano wa unafiki, ilhali hali yake ya ndani iko juu ya ngozi yake, saa ileile inapotokea. Amesalimu amri, amebeba hofu, ana joto, amelala: vyote ameviandika mwilini. Sisi ndio tunaotabasamu huku tumekunja ngumi.

Lakini je, kweli anateseka, au ni mwili tu unaofanya kazi yake? Hili ni swali la haki. Jeremy Bentham, Mwingereza, aliandika mwaka 1789 kwamba la kuuliza kuhusu wanyama ni iwapo wanaweza kuteseka. Akili na usemi vikae kando. Thomas Nagel, Mmarekani, akasema mwaka 1974 katika insha yake juu ya popo kwamba hatuwezi kujua kutoka ndani jinsi ilivyo kuwa popo. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi na wanafalsafa walitoa tamko jijini New York kwamba uwezekano wa wanyama wote wenye uti wa mgongo kuwa na hisia za ndani, reptilia wakiwemo, ni wa kweli, na kwamba ni kutowajibika kuupuuza tunapoamua mambo yanayowagusa. Nagel ana haki yake. Sitajua kamwe dunia inaonekanaje kwa macho mawili yanayotazama pande mbili. Lakini sikuhitaji kuwa kinyonga kujua kwamba pua iliyochubuka kwa kusukuma waya ni pua ya anayetaka kutoka. Ujuzi huo unatosha kunitia deni.

Jioni hiyo nilipita kwa ustadh mmoja anayefundisha madrasa mjini, rafiki yangu wa miaka, tukakaa kwa chai. Nilimwambia habari za kijana. Akaniambia, "Daktari, usimwonee mtoto. Mtume wetu alikuwa na rafiki mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume alimwuliza mtoto habari zake kwa upole, kwa kuwa alijua ana huzuni." Akaeleza kwamba Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 10, alitunga kitabu kizima cha mafunzo ya hadithi hiyo moja, yapatayo 60, na kwamba wanazuoni wengi wameitumia kuruhusu kufuga ndege, kwa sharti kwamba asinyimwe chakula wala asiteswe.

"Basi kijana hana kosa, ustadh?"

"Hana. Lakini iko na nyingine. Masahaba walichukua makinda ya ndege njiani, mama yao akawa anapapatika juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuna kitabu kilichofunguliwa hapo. Alitazama mabawa."

Akaniongezea ile ya ngamia aliyemwona Mtume akatoa machozi, naye akamfuta nyuma ya masikio, kisha akamwonya mwenyewe kwamba ngamia amemlalamikia njaa na kazi nyingi. Nami nilimkumbusha punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, aliyepigwa mara tatu kwa kumwona malaika ambaye bwana wake hakumwona, mpaka Bwana akamfungua kinywa. Tukakubaliana jambo moja. Katika visa hivi viwili, mnyama kupewa sauti ni muujiza, na muujiza huo ulitokea kwa ajili ya kumwaibisha mtu. Punda asingehitaji kunena kama Balaamu angejiuliza kwa nini mnyama aliyempanda maisha yake yote amekataa kupita leo. Mtume Paulo naye aliwaandikia Warumi kwamba uumbaji wote unaugua. Sikuona mahali alipoandika kwamba ni lazima tuusikie ukiugua kwa masikio.

Siku iliyofuata nilirudi Burumba. Tuliyoyafanya na kijana nayaeleza yote, kwa sababu mwenye kuhubiri huruma bila kusema inafanywaje amehubiri upepo.

Kwanza tulimwinua. Kinyonga ni mkaa mitini, na kila kinachomjia kutoka juu anakihesabu kuwa ndege au nyoka wa kumla. Sakafuni, dunia nzima iko juu yake. Tulitengeneza kizimba kirefu cha waya laini, tukakitundika chini ya mwembe, usawa unaozidi kichwa cha mtu. Pili, tulimpa maficho. Tulijaza matawi ya lantana yenye majani, vijiti vyembamba ambavyo miguu yake inaweza kushika, na upande unaotazama njia tukauziba kwa gunia. Mtu hudhani mnyama asiyeonekana amepotea, na kwa kinyonga kutoonekana ndiyo raha yenyewe. Tatu, maji. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia kwenye kifuniko. Kijana alichovya tawi kwenye ndoo akayanyunyiza majani, na tukarudi nyuma. Baada ya muda kinywa kilianza kutikisika, akasogea, akalamba tone lililoning'inia kwenye ncha ya jani, kisha jingine. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Nne, chakula kinachotembea: panzi wadogo, nzi, nyenje, kila mmoja asizidi upana wa kichwa chake, na waliosalia waondolewe jioni wasije wakamng'ata akilala. Tano, jua la asubuhi kwa upande mmoja na kivuli upande wa pili, ili achague mwenyewe. Sita, hakuna kioo wala kitu kinachong'aa karibu, wala kinyonga mwingine. Ni viumbe vya upweke, na akiona sura yake huidhani kuwa mpinzani asiyeondoka.

La saba lilikuwa gumu kuliko yote. Asishikwe. Kijana alikuwa amezoea kumweka begani na kutembea naye shuleni, na wenzake walimheshimu kwa hilo. Nilimwambia kwamba kinyonga anayetulia begani mara nyingi hajazoea, ameganda kwa hofu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa atajuaje kwamba nampenda, daktari?"

Swali lake lilinishinda kwa muda, na bado naliona kuwa ndilo kiini cha jambo hili lote. Hatajua. Mbwa atajua, ng'ombe atajua, hata kuku humfuata anayemlisha. Kinyonga huyu, ukimpa maji, kivuli na panzi, hatakuhesabu wewe kuwa umempa. Atakachofahamu ni kwamba leo hakuna mkono ulioshuka kutoka juu. Zawadi kubwa kuliko zote ambayo kijana angempa ilikuwa kutokuwepo kwake.

Je, hilo ni pendo? Nasema ndilo, tena ni la daraja la juu. Yesu alifundisha sadaka itolewe kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kulia, na ustadh wangu anayo mafundisho yaleyale kwa maneno karibu hayohayo. Lakini hata sadaka ya siri, mpokeaji hujua amepewa, na mtoaji hulala akijua kuna mtu anayemwombea heri asiyemjua. Kwa kinyonga hata hilo halipo. Hakuna shukrani, hakuna sifa, hakuna mkia unaotikiswa. Ukimhudumia vizuri, ushahidi pekee ni kwamba amesahau upo. Mtu akiweza kutoa hivyo, ameondoa nafsi yake katika sadaka yake. Na hivyo ndivyo Mungu anavyotupa mvua: hushuka kwa wema na waovu, bila mkono kuonekana, na wengi hunywa bila kuuliza imetoka wapi.

Mtu wa hadithi ya Maina alimnyima mgeni kwa sababu hakumjali. Kijana wetu alimpa mgeni ugali kwa sababu alimpenda. Kinyonga angekufa njaa mikononi mwa wote wawili. Upendo usiouliza mgeni ni nani, anakula nini, analala wapi, na kama alitaka kuja, unamlisha mwenye nyumba mwenyewe. Na mgeni aliyeletwa kwa nguvu ni mateka, hata ukimpa godoro. Kupunguza dhiki yake kwa maji na majani ni wajibu wa saa hiyo. Wajibu wa mwisho ni mlango.

Sheria nayo inasema hivyo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu haruhusiwi kuchukua mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali, na mwenye shaka awaulize maafisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Baada ya siku chache, macho yalipojaa tena na rangi ya kijani ilipotulia, kijana mwenyewe aliamua. Tulimrudisha asubuhi jua likiwa limepanda, kwenye sehemu ya ua wa lantana iliyobaki, mita chache tu kutoka alipotolewa.

Nasisitiza hapohapo alipotolewa, kwa sababu huruma inaweza kukosea njia. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson, wenye pembe tatu, walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa mwenye duka la wanyama wa kufugwa. Walifika wamekonda na wamekauka kwa safari. Mwenye duka akawaachia bustanini kwake Kaneohe wapate nafuu. Walipata, wakatawanyika, na leo wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa ambavyo havikuwajua kamwe. Yule bwana aliisoma dhiki yao sawasawa, akawapa hata dawa iliyo sahihi, miti na hewa. Lakini aliwafungulia mlango wa nyumba isiyo yao. Na Januari 2021 maafisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna walitangaza kumkamata msafiri mwenye vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, Tanzania, waliofichwa kwenye soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Sisi wa Malaba tunaoishi kando ya foleni za malori tunajua mizigo inavyofichwa. Ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, wanaotamani kinyonga wa nyumbani kama kumbukumbu ya kwao, wajue soksi hizo zinashonwa na hamu za wanunuzi. Aliye naye tayari, aliyezaliwa kifungoni na hawezi kurudi porini, ampe yale saba kwa uaminifu hadi mwisho wa maisha yake.

Bibi aliniachia pingamizi ambalo siwezi kulipita. "Mnamhurumia kinyonga, daktari, na hapa mpakani watu wanalala njaa." Ni kweli. Kila siku naona wenye ulemavu wakisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu kuvuka mpaka wa Busia na shehena inayowazidi uzito. Naona makuli wa Malaba wenye migongo iliyopinda kabla ya wakati. Wala sidai kwamba anayemhurumia mnyama humhurumia mtu. Nimewaona wanaombembeleza mbwa na kumfokea msichana wa kazi katika pumzi ileile.

Nilimjibu hivi: "Kukhu, hao nao, ni wangapi waliokuja kukuomba?" Alikaa kimya, kisha akasema, "Wachache." Nami naamini hapo ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Tumejizoeza kumhudumia anayelia. Mwenye sauti hupewa zamu ya kwanza kwenye zahanati, kwa chifu, kanisani pia. Kuna binti aliyeacha kula na kujitenga, na nyumbani wanasema ametulia siku hizi. Kuna mzee anayetoa ushuhuda wa shukrani kila Jumapili huku macho yamebonyea. Hawa hawatalia. Jicho linaloweza kuwaona kabla hawajaomba ni lilelile lililomwona kinyonga sakafuni, na hakuna njia ya kulipata ila kulitumia, kwa wadogo na kwa wakubwa.

Basi jibu langu kwa swali langu ni hili. Deni la huruma halianzi pale linapodaiwa. Linaanza pale mwingine anapokuwa na dhiki na mimi nina uwezo wa kuijua, hata kama kuijua kutanigharimu kuchuchumaa, kungoja na kujifunza. Kwa wenzangu wa Busia na Malaba, nyua za lantana na kayaba zinang'olewa kila mwezi ili kujenga kuta za mawe, na moto wa kusafisha shamba hauulizi ni nani yumo. Kabla ya kufyeka, pita ukatazame matawi, asubuhi kabla jua halijakolea. Ukimwona, sogeza tawi lake polepole hadi kwenye kichaka kilicho jirani, usimshike mwili. Acha kipande cha ua kikae. Waambie watoto kwamba weusi ule si mchezo. Na mtu akikuambia kwamba kinyonga ndiye aliyetuletea kifo, mwambie aisimulie hadithi yote, tangu pale kwenye sahani.